Namna ya Kuandika Riwaya ya Genge Itakayonunuliwa
Anza na shida ya mnyonge, si na bastola. Katika The Godfather ya Mario Puzo, iliyotoka Marekani mwaka 1969, baba ambaye mahakama imewaacha bila kifungo vijana waliompiga bintiye anakwenda kumwomba haki mkuu wa genge, na msomaji, hata akijua kwamba ni kosa, anatamani apewe.

Mwandishi wa Mtwara anayo malighafi hiyo: mkulima wa Newala anayemuuzia mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo, korosho zake kwa bei ya kutupa, kabla ya msimu, kwa kuwa nyumbani ana mgonjwa. Mpe mnunuzi huyo adabu, familia na sheria zake, kisha eleza kinagaubaga jinsi mzigo unavyokwepa stakabadhi ghalani, yaani mfumo rasmi wa kuuza mazao kupitia maghala. Mapigano yawe machache; yakizidi, huchosha.