Masizi ya Mlimao Yanaanzia Chini ya Jani

Kiangazi kikishika Tabora, milimao na mipera ya uani huwa na majani meusi kama sufuria la kuni. Mwenye mti hukimbilia dawa ya ukungu. Dawa inaisha, weusi unabaki, kwa sababu ukungu ule ni mgeni tu: umefuata sukari.

Geuza jani. Kando ya mshipa wa kati utaona vidoa bapa, vya kijani au kahawia, vimetulia kama vimegandishwa. Hao ni wadudu gamba wa aina laini. Wanafyonza utomvu wa mti na kutoa majimaji matamu yanayonata, yanadondokea majani ya chini, na masizi, yaani ule ukungu mweusi, yanaota hapo. Kwangua kwa ukucha. Gamba na mdudu wakitoka pamoja, ndio wenyewe. Gamba likitoka peke yake na kumwacha mdudu, huyo ni ndugu yao wa gamba gumu, ambaye hatoi utamu.

Sasa tazama shina. Sisimizi wanaopanda na kushuka hawatembei bure: wanalamba utamu, na huku wanawafukuza mbawakawa na nyigu wadogo wanaowaua wadudu gamba. Majimoto, wale sisimizi wakali wanaoshona majani kuwa viota, nao wamo. Kwenye mikorosho ni walinzi wazuri, kwenye mlimao wako wanafuga adui. Kwa hiyo mimi huanza na sisimizi kabla ya bomba la kupulizia. Kata matawi yanayogusa ukuta au uzio, zungushia shina kitambaa, kisha paka grisi juu ya kitambaa, si kwenye gome.

Matawi yaliyojaa sana yakate uyachome. Yaliyobaki yapulizie maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji isiyo kali kwa lita moja, jioni, ukilenga chini ya majani. Jaribu tawi moja kwanza, usubiri siku mbili. Sabuni huua hasa watoto wanaotambaa, wakubwa huficha mayai chini ya miili yao. Ndiyo maana unarudia baada ya siku 7 hadi 10. Ukiona magamba makavu yenye tundu dogo la duara, nyigu wameshafika. Hapo weka bomba chini.

Miti ya kando ya barabara ya vumbi ioshe kwa maji, maana vumbi huwasumbua nyigu hao. Na mche wa kununua, hata wa maua, ugeuze majani yake palepale kitaluni kabla hujatoa hela.