Mrinaji, sega la majana si lako

Kila baada ya msimu wa kurina, huku Liwale na Nachingwea nasikia lilelile: "Bwana nyuki, mzinga ulijaa, nimerina vizuri, ila nyuki wamehama." Mara nyingi hawakuhama. Umewamaliza kwa kisu, ulipokata masega yote mpaka ya majana, yaani watoto wa nyuki.

Malkia ni mmoja tu kwenye mzinga, na anashinda kwenye majana akitaga. Ukiyazoa, naye yumo ndooni. Madume hawawezi kukusaidia: hawakusanyi chochote, wanangoja kumpanda malkia basi.

Sasa piga hesabu. Yai huanguliwa siku ya 3. Malkia akifa, wafanyakazi hulea mwingine, lakini kwa funza ambaye hajazidi siku 3 tangu aanguliwe. Malkia huyo hutoka siku ya 16 tangu yai litagwe, kisha apandwe ndipo aanze kutaga. Karibu mwezi mzima hakuna yai jipya, na mfanyakazi wa msimu wa maua huishi wiki 6 hivi. Hapo ni kwa aliyebakiza majana! Usipobakiza, wafanyakazi huishia kutaga wenyewe, na mayai yao hayana mbegu ya dume, yanatoa madume matupu. Ukikuta mayai mawili matatu kwenye kitundu kimoja, mara nyingi ndiyo hayo.

Anza kurina upande ulio mbali na mlango. Sega la asali lina kifuniko cheupe cha nta. La majana ni cha kahawia, kikavu, kimetuna kidogo. Ukifikia kiunzi (kijiti cha juu kinachoshikilia sega) cha kwanza chenye majana, hata kiganja kimoja, funga mzinga. Yaache na masega mawili ya asali yanayopakana nayo, hicho ndicho chakula chao. Sega ambalo halijazibwa robo tatu, liache pia; asali yake ina maji, itachacha.

Viunzi viwe na upana wa milimita 32. Si 40, wala si "vidole viwili", vidole vya nani? Kikizidi, nyuki hukingamisha sega kwenye viunzi viwili, ukivuta kimoja unapasua majana ya cha pili. Fundi aliyekuja bila rula mrudishe akaichukue.

Mwenye mzinga wa gogo, fungua ncha iliyo mbali na mlango pekee, na mwenge uzime. Tumia bomba la moshi.

Baada ya wiki chungulia mlangoni: wakiingia na chavua miguuni, kwa kawaida malkia yupo.