Namna ya Kupiga Picha ya Ua Kama Linavyoonwa na Nyuki

Nyuki wa asali haoni wekundu kama sisi, lakini huona urujuanimno, ambao macho yetu hayaupokei kabisa. Vipokezi vya rangi katika jicho lake huitikia zaidi mawimbi ya nanomita zipatazo 344, 436 na 544, kwa hiyo picha ya kawaida hukosa moja kati ya rangi zake tatu za msingi.

Hatua ya kwanza ni kupata kamera iliyoondolewa kichujio cha ndani kinachozuia mwanga usioonekana kwa macho yetu, pamoja na vichujio viwili vya lenzi: kimoja kipitishe mwanga wa kawaida pekee, kingine urujuanimno pekee. Hakikisha hiki cha pili kinazuia pia infraredi, mwanga mwingine tusiouona ulio upande wa pili wa wekundu, kwani ikivuja hata kidogo petali zote hung'aa na alama unayoitafuta hufifia.

Hatua ya pili, funga kamera kwenye tripodi juani, upepo ukiwa umetulia, mbele ya ua la alizeti. Kando yake bandika kipande cha tepu nyeupe ya mafundi bomba, ambayo huakisi urujuanimno vizuri na hufaa kuwa kipimo cha weupe. Piga picha kwa kila kichujio bila kuisogeza kamera. Katika picha ya urujuanimno, ncha za petali zitang'aa, ilhali sehemu zinazokaribia kitovu zitakuwa nyeusi, kwa kuwa kemikali zilizomo huufyonza mwanga huo. Petali tulizoziona za njano tupu zitakuwa na pete nzito.

Hatua ya tatu, katika programu ya picha, ondoa chaneli nyekundu, kisha weka kijani mahali pake, buluu mahali pa kijani, na urujuanimno mahali pa buluu. Rangi zitakazotokea ni za kulinganishia tu.

Hatua ya nne hurukwa na wengi, nami naiona kuwa ndiyo muhimu kuliko zote: punguza ukali wa picha kulingana na umbali. Nyuki hutofautisha nukta zilizoachana kwa takriban digrii 1, na hutambua rangi pale tu ua linapochukua digrii 15 hivi za upeo wake. Likiwa dogo zaidi, hadi digrii 5, hulibaini kwa kipokezi cha kijani peke yake. Kwa hiyo ua lenye upana wa sentimita 1, likitazamwa kutoka sentimita 10, litengenezee picha ya kijivu yenye nukta 6 tu kwa upana. Kutoka sentimita 3, lipe nukta 19 na rangi zake. Alizeti yenye upana wa sentimita 20 huonekana kwa rangi tangu sentimita 76 hivi.