Baada ya upasuaji, kagua visigino na makalio

Mgonjwa aliyekaa kwenye meza ya upasuaji zaidi ya saa 3 anaweza kuanza kupata kidonda cha mgandamizo (kinachotokana na kulalia sehemu moja ya mwili kwa muda mrefu) palepale, na ngozi isionyeshe kitu hadi siku 2 au 3 baadaye. Mkague kila siku: visigino, mfupa ulio juu ya makalio, nyonga, viwiko, kisogo.

Palipo pekundu, bonyeza kwa kidole kisha achia. Wekundu usiofifia ni dalili ya mwanzo. Lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, na hapo ndipo wengi hupitwa! Pitisha mkono. Ukikuta sehemu ina joto au ubaridi kuliko ngozi ya jirani, imekuwa ngumu, inabonyea kama embe lililoiva mno, au inauma, mwambie muuguzi siku hiyohiyo.

Zidisha uangalifu kwa mzee, mwenye kisukari, aliyekonda, anayejikojolea, na ambaye ganzi ya mgongo haijaisha, maana huyo hasikii maumivu.

Mgeuze kila baada ya saa 2 kama daktari hajakataza. Weka mto chini ya mashavu ya miguu, visigino visiguse godoro. Palipobadilika rangi usipakande kabisa.