Jinsi ya Kuupima Mchezo wa Maandishi Kabla ya Kuujadili

Katika mchezo wa maandishi kompyuta hukueleza mahali ulipo, nawe huandika amri kama "fungua mlango" au hubofya chaguo mojawapo, kisha hadithi ikaendelea kutokana na ulichofanya. Kwa kuwa hakuna picha wala sauti ya kuficha udhaifu, ubora wake hupimwa kwa namna unavyomjibu mchezaji, hasa pale anapofanya jambo lisilo la lazima.

Kwa hiyo usianze kwa kutafuta ushindi. Ukiingia katika chumba kinachoelezwa kuwa na meza, dirisha na picha kuukuu ukutani, kichunguze kimoja baada ya kingine. Mchezo ukidai kwamba hakuna picha yoyote ilhali umeitaja punde tu, maelezo yale yalikuwa pambo. Kisha jaribu kulivunja dirisha. Jibu la "huwezi" halikufunzi chochote, lakini ukiambiwa kwamba kishindo kitamwamsha mlinzi aliyelala nje, umepata sababu na pia umejua kwamba yupo mlinzi. Mimi huyathamini majibu ya namna hii kuliko fumbo lolote gumu, kwa sababu yanaonyesha kwamba mtunzi alimfikiria mchezaji hata anapokwenda kombo.

Mafumbo nayo yapimwe kwa haki. Graham Nelson, Mwingereza aliyetengeneza Inform, programu ya kutungia michezo ya maandishi, mwaka 1993, aliwahi kuorodhesha haki za mchezaji, zikiwamo kutouawa bila onyo na kuweza kulielewa fumbo baada ya kulifumbua. Hiyo ya pili ni rahisi kuipima: ukishafumbua, rudi kwenye maelezo ya awali uone kama kidokezo kilikuwapo nawe ukakipita.

Mchezo unaozua mjadala wa kweli, hata hivyo, hufanya zaidi ya kuwa wa haki. Katika Spider and Web wa Andrew Plotkin, uliotoka mwaka 1998, mchezaji ni jasusi aliyekamatwa, na matendo yake ni maelezo anayompa anayemhoji kuhusu jinsi alivyoingia katika jengo; akitenda jambo lisilolingana na ushahidi, mhoji humkatiza na kumtaka aanze upya. Hapo kukosea kumekuwa sehemu ya hadithi, na wachezaji wana jambo zito la kujadiliana: ni kipi ndani ya maelezo hayo kilikuwa kweli?

Kwa michezo ya kuchagua, cheza mara mbili kwa njia tofauti. Njia zote mbili zikiishia kwenye aya ileile bila hata mhusika mmoja kukumbuka ulichofanya, chaguo lilikuwa tupu. Lakini usihukumu haraka, maana kunyimwa chaguo kunaweza kuwa na maana: Depression Quest wa mwaka 2013 huonyesha machaguo yenye heri yakiwa yamekatwa kwa mstari, yanasomeka lakini hayachaguliki, na mchezaji huonja hali ya mtu aliyelemewa na sonona.

Mchezo ukiwa wa Kiswahili, ongeza kipimo kimoja. Adventure, mchezo wa maandishi ulioanzishwa na Will Crowther katikati ya miaka ya 1970 na kupanuliwa na Don Woods mwaka 1977, ulisoma herufi tano tu za mwanzo wa kila neno, na kwa Kiingereza hilo lilitosha. Kwetu viambishi hutangulia mzizi, hivyo "chukua taa" na "ichukue taa" zingeonekana kuwa amri mbili zisizohusiana. Ziandike zote mbili, ongeza "nataka kuichukua taa", na uyahifadhi majibu neno kwa neno ili utakayejadiliana naye aone ulichokiona.