Kabla ya Kufunga Begi, Uliza Maji

Pasaka ikikaribia, au ile wikendi ndefu ya Madaraka, kikundi chetu cha WhatsApp hufufuka. Mmoja anatuma picha ya ziwa, mwingine anauliza tunachanga ngapi, wa tatu ameshaandika orodha: hema, spika, nusu mbuzi, gunia la mkaa. Mimi ndiye mweka hazina wa safari hizi, kwa hivyo nimepata muda wa kuona tunakokosea. Orodha huanza na begi, ilhali begi ni la mwisho. La kwanza ni kujua maji mnayoyaendea ni maji gani, maana hayo ndiyo yatakayoamua kama mtaogelea, mtalala wapi na mtaamka saa ngapi.

Picha haikuambii kwamba maziwa mengi yaliyo karibu na Nairobi si ya kuogelea. Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi, lina maji matamu na mandhari ya kupendeza, lakini lina wenyewe, nao ni viboko. Baringo lina viboko na mamba juu yake. Elementaita, Nakuru, Bogoria na Magadi ni maji ya magadi, yanawasha macho na ngozi, na kule Bogoria kuna chemchemi zinazotoka ardhini zikiwa karibu kuchemka. Watu huchemshia mayai pale. Ndiyo maana anayetaka ziwa mimi humwambia: mwili upeleke kwenye bwawa la hoteli, macho yapeleke ziwani. Lakini piga simu kwanza. Uliza kama bwawa lipo, kama lina maji, na kama mgeni asiyelala pale anaruhusiwa kuingia na kwa bei gani. Niliwahi kupeleka watu kumi na wanane, nguo za kuogelea zote mpya, mahali ambapo bwawa lilikuwa limekaushwa ili lirekebishwe. Mpaka leo wananiita Bwana Bwawa.

Wanaoelekea Ziwa Viktoria, iwe Kisumu au visiwa vya Rusinga na Mfangano, wana jambo lao la ziada: kichocho. Ugonjwa huu hauonekani kwa kutazama maji kama ni safi au machafu. Vijidudu vyake hukaa kwanza ndani ya konokono wa majini, hasa penye maji yaliyotulia na majani kando ya ziwa, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama humo, hata kama hana jeraha. Siku hiyo huwezi kuhisi kitu cha kukushtua. Ukiingia, iandike tarehe, na wiki kadhaa baadaye nenda ukapimwe hata kama hujaona damu kwenye choo wala mkojo. Dawa ipo na inatibu. Shida ni kwamba daktari wa Nairobi asipoambiwa uliogelea ziwani, kichocho si kitu cha kwanza atakachokifikiria.

Sasa tuje kwenye kulala, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka wetu wa kwanza Naivasha tulifika jua limeshaanza kuzama. Tukaona kipande cha nyasi fupi, laini, zimelingana kama uwanja wa gofu, hatua chache kutoka majini. Tukashangilia, tukapiga mahema. Askari wa zamu akaja na rungu lake kwapani, akatazama kazi yetu, akauliza kwa upole: "Boss, hizo nyasi unafikiri zimekatwa na nani?"

Hapakuwa na mtunza bustani. Viboko hutoka majini giza likiingia, wakala nyasi hadi karibu na alfajiri, tena kila mmoja ana njia aliyoizoea. Askari akatumulikia vichaka vya pembeni: vilikuwa vimetapakaa mavi hadi usawa wa kiuno, kwa sababu kiboko akinya huyarusha kwa mkia. Nyasi fupi na vichaka vichafu, ndiyo barabara yao hiyo. Tulihamisha mahema kwa mwanga wa simu, tukarudi nyuma ya waya wa stima. Saa nane usiku nikausikia mlio ambao sijausahau. Ni nyasi zilikuwa zinararuliwa, polepole, kama mtu anayechana shuka kuukuu vipande vipande, na katikati yake pumzi nzito. Alikuwa amesimama pale pale tulipokuwa tumeweka mito yetu.

Kwa hivyo fika kambini kabla ya saa kumi na moja jioni, wakati bado unaona ardhi. Uliza waya uko wapi na kama huwashwa usiku kucha. Uliza choo kiko upande gani wa waya, swali ambalo watu hulikumbuka saa saba za usiku. Ukikutana na kiboko nchi kavu, usisimame kati yake na maji. Anakimbia kuliko wewe licha ya lile tumbo, na anachotaka ni kurudi nyumbani kupitia ulipo.

Tena usiamini picha za zamani. Kwa zaidi ya miaka kumi maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda. Kule Naivasha maji yameingia hadi kwenye nyumba za watu mtaa wa Kihoto, na miti mingine ya migunga imesimama mikavu katikati ya maji. Kambi mliyolala mwaka juzi huenda leo ni makao ya samaki. Mpigie mwenye mahali akutumie picha ya asubuhi hiyo hiyo.

Baridi nayo huwadanganya watu. Wakisikia ziwa wanafikiria joto, wanabeba kaptura na leso moja. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko katikati ya jiji letu, na alfajiri ya Julai pale si mchezo. Beba begi zuri la kulalia na kitu cha kutandika chini, kwa maana baridi kali hutoka ardhini. Na hema linaloandikwa la watu wanne ni la watu wawili na mabegi yao. Kwa vyovyote vile, jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema, hata likiwa limebaki majivu yenye moto kidogo tu. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala haikohozi mtu. Inakulaza tu, na huamki. Nyama ikishaiva, jiko libaki nje, mbali. Mwenye kusikia baridi ajaze chupa maji ya moto aikumbatie.

Wapandaji wengi wa Nairobi huunganisha ziwa na Mlima Longonot, na ni wazo zuri. Kilele kiko mita 2,776. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita tatu na kidogo, na kuuzunguka ukingo wote ni nyingine 7.2. Kwenye karatasi inaonekana kama matembezi. Ila mlima huo ni vumbi jepesi linaloteleza, hauna kivuli cha kutosha wala maji njiani, na sehemu ya kuzunguka ina miinuko ambapo utatumia mikono. Lita mbili za maji kwa kila mtu, kila mmoja abebe zake, na lango likifunguliwa asubuhi muwe pale. Viatu vizoee miguu kwanza; vile vipya vya Gikomba ulivyonunua Ijumaa vitakuvua kucha wakati wa kushuka.

Hifadhi ya Hell's Gate, jirani na Naivasha, ina habari nyingine. Lile bonde jembamba la Ol Njorowa, lenye kuta ndefu na maji ya moto yanayochuruzika mwambani, limeua watu bila mvua kunyesha walipo. Mwaka 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa walisombwa humo na mafuriko ya ghafla, na Septemba 2019 wakafa watu saba wengine. Mvua hunyesha mbali, juu, kisha maji yote yanaingia kwenye ufa ambao pengine hauna upana wa chumba cha kulala, na njia za kupanda kutoka ni chache. Kwa hiyo hali ya hewa usiiulizie mahali ulipo peke yake. Uliza langoni kama bonde liko wazi siku hiyo, chukua mwongozaji, na akisema leo hapana, usianze kumbembeleza kwa noti. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, mimi huwaambia watu wakodi baiskeli, wapige picha za pundamilia na kuacha bonde.

Malipo ya hifadhi ni kidijitali, kupitia eCitizen, kwa hivyo lipa ukiwa bado Nairobi ambako mtandao una nguvu. Nimeona foleni ya magari langoni kwa sababu mtu mmoja amesahau nywila yake. Chupa za maji za kutumia mara moja ziacheni nyumbani: tangu Juni 5, 2020 plastiki za namna hiyo, pamoja na sahani na vijiko vyake, hazikubaliwi kwenye hifadhi, misitu na fukwe zilizohifadhiwa. Beba mtungi wa lita 20 kwenye gari na chupa ngumu ya kujaza. Boti asubuhi, si alasiri, upepo wa Naivasha huamka baada ya chakula cha mchana na kuinua mawimbi. Kila mtu avae jaketi okozi na alifunge. Linalowekwa chini ya kiti ni pambo.

Anayetaka kuogelea kwelikweli atashuka Pwani, na hapo somo linaanza upya. Wengi wetu tulijifunza kwenye bwawa la mita 25 ambapo ukichoka unashika ukuta. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Bahari haina ukuta, na kubwa zaidi, bahari hutembea. Katika ufuo kama Diani au Watamu, maji yakipwa unaweza kutembea mbali sana hadi mwambani kwa miguu mikavu. Saa sita baadaye pale pale ni kina cha kumzamisha mtu mzima. Kila msimu utawakuta watu wa bara wamesimama ufuoni saa nne asubuhi wameshika maboya ya watoto, wanatazama mwani na mawe, wanauliza bahari imekwenda wapi.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Pale Watamu mzee mmoja alikuwa anashona wavu kando ya ngalawa yake, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza maji yatarudi lini.

"Marahaba. Leo mwezi ngapi, mwanangu?"

Nikamtajia tarehe.

Akacheka. "Si huo wa ukutani. Wa juu."

Sikujua. Akanihesabia kwa vidole: mwezi kumi na tano, bamvua, maji yanakupwa sana na kujaa sana. "Saa nne hii utamkuta pweza, maji humkuti. Rudi alasiri."

Tangu siku hiyo huangalia mwezi kabla ya kukata tiketi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, na katika pwani yetu siku hizo maji huelekea kupwa katikati ya asubuhi na kujaa alasiri. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: tofauti ni ndogo, na asubuhi ndiyo huwa yamejaa. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Mwenye watoto wanaotaka kuogelea asubuhi achague maji mafu. Mwenye hamu ya kutembea mwambani achague bamvua, avae viatu vya mpira dhidi ya vile viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu, na aanze kurudi ufuoni kabla maji hayajageuka. Hayarudi kwa mstari kama kwenye sinema. Yanajaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako.

Ukiogelea ukaona unavutwa kwenda nje, ni mkondo, na usishindane nao uso kwa uso. Kata kando, sambamba na ufuo, hadi uone umekuachia, ndipo urudi. Msimu wa upepo wa kusi, kati ya Aprili na Septemba, bahari ni chafu na nzito. Kaskazi inapotulia, Januari na Februari, ndiyo samawati ya kwenye picha. Na bia hunywewa baada ya kuogelea, jamani.

Tiketi ya treni ya Pwani kutoka Syokimau ikate mapema, wikendi ndefu tiketi huisha kabla hujamaliza kuchangisha. Sanduku la dawa lisikose chumvi na sukari za kumpa anayeharisha, bandeji, dawa ya mzio na losheni ya jua. Pesa taslimu kiasi, kwa maana M-Pesa bila mtandao ni maneno matupu. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu iwe kwenye kila simu, na mtu mmoja aliyebaki mjini ajue mnakolala na mnarudi lini.

Wa Naivasha waondoke Jumapili kabla ya saa sita, la sivyo foleni ya kurudi jijini itakula jioni yote. Ukifika, hema lianikwe juu ya paa siku hiyo hiyo hata kama umechoka, kwani likikunjwa na unyevu litaoza. Halafu kuna malaria, ambayo Nairobi tumeizoea kama habari ya wengine. Anayekwenda Pwani, Kisumu au Magadi amuulize daktari dawa za kinga kabla ya safari, maana huanzwa mapema, na abebe chandarua. Mimi huandika tarehe ya kurudi kwenye kalenda ya jikoni, na mtu yeyote wa msafara wetu akishikwa na homa ndani ya mwezi mmoja, hatununui dawa ya mafua dukani. Tunakwenda kupimwa siku hiyo hiyo, na maneno ya kwanza kwa daktari ni tulikokuwa.