Massey Ferguson 135 inavuja oili? Soma hii kabla hujanunua gasketi

Wakuu, hizi trekta za Massey 135 bado zipo kibao huku kwetu, zilianza kutoka 1964 mpaka katikati ya miaka ya 70 na mpaka leo zinalima, hasa zile zenye injini ya Perkins ya silinda tatu, AD3.152. Na karibu zote zinavuja oili. Mwenye trekta akiona tone tu anakimbilia dukani kununua seti nzima ya gasketi, fundi anashusha sampu (bakuli la oili chini ya injini), anafunga, wiki mbili baadae tone liko palepale. Najua maana na mimi huo ujinga nishaufanya, kuna mzee nilimshushia sampu mara mbili msimu mmoja, kumbe oili inatoka juu kabisa kwenye tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini), inateremka ubavuni mwa bloku, feni inaisukuma nyuma, halafu inaenda kudondokea kwenye sampu. Mzee hakunigombeza, ila hakuniita tena.

Kwahiyo hatua ya 1 ni kuosha, na usiiruke. Injini iwe imepoa. Chukua dizeli na brashi, sugua yale matope yaliyoganda na oili, halafu sabuni ya unga na maji. Usije ukamwagia maji ya baridi pampu ya dizeli ikiwa ya moto, inaweza kukwama ukajikuta na tatizo kubwa kuliko ulilokuja nalo, na dainamo ifunge na nailoni.

Hatua ya 2, ikikauka ipake poda ya mtoto sehemu zote unazozihisi, juu mpaka chini, iwashe iache isailensi (iungurume polepole bila kukanyaga mafuta) kama dakika kumi hivi, zima, chukua tochi. Poda ikilowa utaona mstari. Ufuate kwenda JUU, sio chini. Pale mstari unapoanzia ndio penye ugonjwa, kwingine kote oili inapita tu.

Hatua ya 3, angalia briza (bomba la kupumulia injini) kabla hujafungua bolti hata moja. Hii watu wengi hawaijui. Injini ikiwa inaunguruma fungua mfuniko wa kujazia oili, ukiona moshi unapuliza kwa nguvu puf puf puf, ujue ama bomba la briza limeziba (nimekuta matope ya nyigu humo ndani, sio utani) ama ringi za pistoni zimechoka. Zibua bomba kwanza urudie kuangalia. Kama ni ringi, hata ubandike gasketi mpya kila mahali ile presha ya ndani itatafuta pa kutokea, mwambie mwenye trekta ukweli kwamba pesa ya gasketi aiweke kwenye ovahol (kuifungua injini yote na kuitengeneza upya).

Tena chomoa dipstiki. Oili ikiwa imepanda juu ya alama na inanukia dizeli, diafram ya pampu ndogo ya kuvuta mafuta inaweza kuwa imetoboka, dizeli inaingia kwenye sampu. Oili nyepesi hivyo inavuja kila pahala na inaua beringi, usiiendeshe.

Sasa ukishajua inapoanzia:

Tapeti kava. Gasketi yake ni ya koki (kama ile ya kizibo cha chupa). Kwangua ya zamani yote, weka kava kwenye kitu kilichonyooka uone kama limepinda, likiwa la bati gonga taratibu kwenye kipande cha mbao. Gundi paka upande wa kava tu, upande wa hedi acha mkavu ili siku nyingine ukiweka nafasi ya tapeti za valvu (0.30 mm injini ikiwa baridi) usichane gasketi. Kaza kidogokidogo, koki ikianza kutokeza pembeni ushazidisha. Vijana wanapenda kukaza mpaka mkono utetemeke, ndio maana makava yanapinda.

Filta. Kwenye zile za bakuli, ringi ya mpira ya zamani inabaki imejificha kwenye mfereji, mtu anaweka mpya juu yake, oili inamwagika yote. Itoe na kijiti.

Nati ya kumwagia oili, ile pete yake ya shaba (washa) usiitupe, ipashe moto mpaka iwe nyekundu, itumbukize kwenye maji, inakuwa laini kama mpya.

Kile kibomba chembamba kinachoenda kwenye geji ya oili nacho kikague, kinapasukaga kwenye maungio.

Sampu ni ya chuma cha kumwaga, nzito, msiishushe bila jeki na ubao. Pembe nne ndizo zinazosumbua, hapo ndipo naweka silikoni kidogo, kidogo kweli, maana ikizidi inamegukia ndani na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili.

Sasa ile ya nyuma, sili ya krenki (kizuizi cha oili nyuma ya shafti kuu ya injini), inayoogopwa na kila mtu. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu lenye pini. Oili ikitoka hapo ipake kidoleni: nyeusi ni ya injini, ya rangi ya asali na nzito ni ya gia boksi, usichanganye ukaja kupasua trekta (kutenganisha injini na gia boksi) bure. Kama ni nyeusi na ni tone moja mbili kwa siku, na klachi haitelezi, mimi naiacha. Ikianza kutelesha klachi ndio tunapasua trekta katikati, na hapo kabla ya yote piga kabari za mbao kati ya ekseli ya mbele na mhimili wake, pande zote mbili, maana ekseli ile inacheza na injini ikiachana na gia boksi inaweza kulala ubavu ikamuua mtu. Zenye sili ya kamba, usikwangue kamba ya zamani ikiwa kavu, nyingi zina asbesto, ilowanishe kwanza. Mpya iloweke kwenye oili, anza kuingiza ncha mbili halafu katikati, ibane kwa kubiringisha chuma cha mviringo, ncha zitokeze kama nusu milimita tu zikutane zikibanana.

Ukimaliza jaza oili, iwashe, rudia poda. Asubuhi yake tandika boksi chini. Yangu ya mwisho ilikuwa na doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, nikamwambia mwenyewe aende shamba.